Mabati ya Zahanati

Jumatatu, 4 Machi

Nimeripoti kambini leo. Kutoka nyumbani Malindi ya mjini mpaka huku kusini, njia ya Makunduchi, ni mwendo mrefu kwa gari isiyo na kiyoyozi. Nimefika gwanda limenigandia mgongoni.

Kanali Wakil, mkuu wa kambi, kanipokea vizuri. Ni mtu mzima, karibu kustaafu, sauti yake ya taratibu kama ya mwalimu wa chuoni.

"Karibu, Kapteni Nassra. Makao makuu wananambia wewe ndiye utakayetutengezea miradi yetu."

"Ntajitahidi, afande."

"Sote tunajitahidi," akasema. "Tatizo hatumalizi."

Nikapenda lile neno. Nikaona hapa nitafanya kazi na mtu anayejijua.

Baadaye Meja Zahran, ofisa wa ujenzi, kanitembeza. Ni mtu wa mjini kama mimi. Marehemu baba yangu na baba yake walikuwa wakisali msikiti mmoja. Msafi, mwerevu, hakosi jibu. Tumeona zahanati mpya, kuta tu, haina paa. Tumeona bwalo jipya la maofisa, kuta tu, halina paa. Uzio una nguzo, hauna waya. Mtaro wa maji ya mvua umechimbwa kutoka juu mwinukoni, ukateremka vizuri, halafu ukaachwa nyuma ya zahanati ya zamani, kama mtu aliyeitwa katikati ya sentensi. Kila tulipofika niliuliza kazi imefikia wapi, na kila mara akajibu, "Asilimia tisini, Kapteni."

Hata mtaro.

Zahanati ya zamani ni vyumba viwili bondeni. Humo nimemkuta Sajenti Mwanakheri, muuguzi na mkunga, akipanga dawa juu ya rafu za juu kabisa, akiwa amesimama kwenye kiti. Nikamuuliza kwa nini zisikae chini. "Masika yanakuja, afande," akasema, akaendelea kupanga.

Jumanne, 5 Machi

Joto. Nimesoma mafaili mpaka macho yakauma.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao cha miradi. Tumeingia asubuhi, tumetoka adhuhuri inaadhiniwa. Kila ofisa kasoma taarifa yake, wenzake wakisubiri zamu zao. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali. Zahanati asilimia tisini, bwalo asilimia tisini, uzio asilimia tisini. Nimetazama taarifa za mwezi uliopita, na za kabla ya Mwaka Mpya. Ni zile zile.

Mwisho nikaomba kusema. Nikasema tuache asilimia. Kazi ama imekwisha ama haijesha. Kila mradi uwe na ofisa mmoja anayejibu. Na kila Jumatatu tukutane pale pale kwenye jengo, tumesimama, tuulizane nini kimekwisha, nini kimekwama, na nani wa kukikwamua.

Meja Zahran kacheka, cheko la kirafiki. "Kapteni, jeshi haliendeshwi kwa maswali. Linaendeshwa kwa amri."

Kanali akasema tutalifikiria.

Jumatatu, 11 Machi

Wiki iliyopita nilijiambia, badala ya kusoma kuhusu mafundi niwafuate. Nimewafuata. Ni kundi moja la askari mafundi, kiongozi wao Koplo Borafya, mzaliwa wa Makunduchi, mrefu, mpole, anayeweka penseli ndani ya kofia. Ijumaa walianza kufunga kenchi za paa la zahanati. Hawajamaliza safu ya kwanza, ikaja simu kutoka ofisini: nendeni kwenye uzio, kuna mgeni atapita. Jumamosi bwalo. Leo wamerudi zahanati, wakatumia asubuhi nzima kutafuta vifaa vyao walivyoviacha, na mbao mbili zimekwishachukuliwa kutengenezea ngazi ya tangi la maji.

"Sisi hatujengi, afande," Borafya kaniambia. "Sisi tunahama."

Hakulalamika. Kasema kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. Mke wake, Wanu, ni mjamzito, wanakaa kwenye nyumba za askari hapa hapa kambini. Anataka zahanati imalizike kabla mkewe hajajifungua. Nikamuuliza atajifungua mwezi gani. Akasema wa nne, inshallah.

Jumatano, 13 Machi

Ramadhani ya pili. Kichwa kinauma kwa kukosa chai. Magharibi mama kanipikia uji wa pilipili manga, nimeunywa kama dawa.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimempelekea Kanali pendekezo. Nimeliandika ukurasa mmoja tu, ili asiwe na sababu ya kutolisoma. Tusimamishe uzio, tangi na bwalo. Mafundi wote waende zahanati na mtaro. Mvua zikija zikute vitu viwili vimekwisha badala ya vitano havijesha.

Kalisoma mara mbili. Kavua miwani.

"Neno hili 'tusimamishe' lina hatari, Kapteni."

"Si kuua, afande. Ni kusubirisha."

"Mradi ukisimamishwa unakufa. Mimi sijawahi kuliandika neno hilo tangu nipate cheo hiki." Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayerudisha sahani ya jirani. "Lakini vikao vya kusimama tufanye. Hilo zuri."

Basi kila Jumatatu tutasimama. Nimetoka pale nikimwona muoga. Tena nikamwona mbaya zaidi ya muoga, kwa sababu anayajua maradhi na hataki dawa.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha muda mfupi, ikaacha harufu ya vumbi.

Jumatatu, 25 Machi

Mabati ya zahanati yamekuja! Lori limeyashusha asubuhi, mapya, yanamulika macho. Borafya kayapigapiga kwa kiganja kama anavyopigwa ng'ombe mnono mnadani. Kenchi zimekamilika tangu juzi. Kwenye kikao cha kusimama Meja Zahran kaahidi mbele ya wote kwamba Ijumaa paa litakuwa juu. Nimerudi mjini nimechoka ila uchovu mzuri. Nikapita Darajani kumnunulia mama tende na ndimu.

"Umemaliza?" mama kaniuliza. Mama yangu, Bi Dalal, huuliza hivyo kila siku, kama nilikwenda kufua.

"Karibu, mama."

"Jeshi zima mnashindwa na paa?"

Alhamisi, 28 Machi

Nimefika kambini nikakuta mabati yamo juu. Yamo juu ya bwalo.

Nimesimama chini nikitazama, sikuamini. Koplo Borafya yuko juu na wenzake, wanapiga misumari. Hakuniangalia. Nikaenda kwa Meja Zahran. Yuko na kikombe kitupu mezani, Ramadhani hii, sijui alikiweka cha nini.

"Futari ya wiki ijayo," akasema. "Wakubwa kutoka makao makuu wanakuja kufutari nasi. Utawaweka wapi, kwenye mvua? Mabati mengine yameshaagizwa."

"Yameagizwa lini?"

"Yataagizwa."

"Meja, mabati yale yaliletwa kwa zahanati."

"Yaliletwa kwa kambi." Akashusha sauti, akanita kwa jina tu, bila cheo. "Nassra, sikiliza. Wakubwa wakifurahi, kila kitu kinakuja kwa urahisi. Wakija wakakuta kambi magofu, hatupati hata msumari. Nnakusaidia wewe na zahanati yako."

Nikaenda kwa Kanali. Alikuwa anatia udhu. Akaniambia analijua, ametoa ruhusa, ni kwa muda. Nikauliza tunaezeka jengo kwa muda namna gani. Akaendelea kuosha miguu. Nikasimama mpaka nikaona haya mimi mwenyewe.

Njia nzima ya kurudi mvua imenyesha.

Alhamisi, 4 Aprili

Futari. Mazulia mapya, mapazia, kitambaa kirefu kilichoandikwa karibuni. Sambusa, kaimati, mkate wa kumimina, boko boko la kuku. Mvua inapiga juu na sisi tumo ndani wakavu. Mkubwa wa wageni kasimama akasifu: kambi hii ni mfano, bwalo limemalizika kabla ya wakati. Kanali kashukuru. Nilimtazama usoni, nikaona haikumpendeza sifa ile. Aliinamia sahani yake, hakugusa kitu ila tende.

Mimi nilikula. Nilikuwa na njaa, nikala, na kaimati zilikuwa nzuri.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Nimekaa nyumbani. Maji yamepenya darini chumba cha juu, nikaweka ndoo. Mama kavaa gauni jipya akakaa chini ya feni akinitazama. "Umekonda," kasema. "Tena umekuwa mkali. Hukuwa mkali wewe."

Jumapili, 14 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mabati mengine hayajaja.

Jumatatu, 15 Aprili

Kikao cha kusimama kimefanyika ofisini kwa sababu ya mvua, tumekaa. Asilimia tisini.

Ijumaa, 19 Aprili

Sijaandika tangu Jumatatu. Naandika sasa ya juzi, Jumatano, kwa sababu nisipoyaandika nitaanza kuyasahau kwa namna inayonifaa mimi.

Mvua ya Jumatano ilianza alfajiri. Dereva wangu alipita kwa taabu; baada yetu barabara ilifunikwa na maji, hakuna gari ndogo iliyopita tena. Nilikuwa nimeketi ofisini nikisikia maji yanavuma nje, nikadhani ni upepo. Akaja askari mbio: "Afande, zahanati!"

Maji yote ya mwinukoni yalikuwa yameshuka ndani ya mtaro. Mtaro uliyakusanya vizuri, kama ulivyochimbwa, ukayaleta mpaka pale ulipoachwa, na pale ukayamwaga. Nyuma ya zahanati ya zamani. Pasingekuwa na mtaro kabisa, maji yangesambaa. Nilipofika yalikuwa yamefika magotini ndani ya vyumba. Sajenti Mwanakheri amejifunga kanga kiunoni juu ya gwanda, anawapitisha wagonjwa mlangoni mmoja mmoja. Juu ya kitanda cha pili alikuwa Wanu, mke wa Borafya. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri.

"Niambie pa kumpeleka," Mwanakheri akasema. "Pakavu. Sasa hivi."

Palikuwa na mahali pamoja tu. Wala sikuhitaji kufikiri.

Tukamtia Wanu kwenye machela, askari wanne wakambeba, mimi nikamshikia turubai juu ya uso. Borafya alikuja mbio kutoka kwenye uzio. Ndiko alikokuwa amepelekwa siku ile. Tukafika bwaloni, kufuli. Mtunza bwalo kasimama mbele ya mlango, mtu mwema, mwenye hofu.

"Afande, amri ya Kanali, lisifunguliwe bila ruhusa. Mazulia..."

Kanali alikuwa mjini makao makuu. Nilipiga simu, haikupatikana. Wanu akapiga ukelele juu ya machela.

"Vunja," nikasema.

Mtunza bwalo hakuvunja. Borafya akavunja, kwa nyundo aliyokuwa nayo mkononi, mara moja tu.

Tukaunganisha meza mbili. Wanaume wakatoka. Tulibaki Mwanakheri, mimi na Wanu. Wanu alinishika mkono akanifinya kwa kucha, nikamwacha anifinye. Aliniita mama, ingawa hatupishani sana kwa umri. Muda ulikwenda, sijui ni muda gani. Mvua juu ya mabati ilikuwa na kishindo hata Mwanakheri alikuwa akinipa maagizo kwa vidole. Paa lilikuwa zuri. Halikuvuja hata tone.

Mtoto akatoka amechoka, mwanamke, rangi imembadilika. Hakulia. Mwanakheri akanionyesha mdomo na pua za mtoto, nikaelewa anataka mashine ya kufyonzea ute. Nikakimbia mwenyewe mpaka zahanati. Niliikuta, ilikuwa chini ya maji, ilikuwa nzito mno kupandishwa rafuni pamoja na dawa. Nikarudi nayo hivyo hivyo inachuruzika, kama mjinga. Haikuwaka. Mwanakheri akamfyonza mtoto kwa mdomo wake, akampulizia, akamsugua, akampulizia tena. Mtoto akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Nilidhani tumepona. Kisha akaacha.

Mwanakheri hakuacha. Mimi ndiye niliyemshika bega mwisho.

Wanu alikuwa anavuja damu. Lori kubwa la jeshi likampitisha kwenye maji mpaka hospitali ya mjini, na wallahi yule dereva aliendesha kama anayebeba mayai. Madaktari wamemwahi. Yuko hai.

Jana wamezika Makunduchi. Kwa kuwa alivuta pumzi, mtoto kapewa jina: Muzdalifa. Mimi nimekaa ndani na wanawake, wanaume wakaenda makaburini. Nilipotoka nikamwona Kanali Wakil anarudi na wazikaji, viatu vyake mkononi, suruali imejaa matope mpaka magotini. Alikaa mkekani kwa kina Borafya mpaka mwisho wa dua. Hakuna aliyemtengea kiti, naye hakutafuta.

Nilimuuliza Mwanakheri kama mashine ingekuwa kavu mtoto angepona. "Pengine. Mungu ndiye ajuaye," akasema. "Lakini mimi nilitaka nijaribu nayo."

Jumatatu, 22 Aprili

Kikao. Meja Zahran kasoma: "Zahanati mpya, asilimia tisini. Changamoto, mvua."

Karatasi ikazunguka kutiwa saini. Ikanifikia.

"Afande, naomba ruhusa," nikasema.

"Sema," Kanali kajibu.

"Zahanati haina paa. Siwezi kuitia saini taarifa hii. Na mvua siyo changamoto. Mvua hunyesha kila mwaka mwezi huu."

Meja Zahran kaniambia nisilete machozi kazini. Sikuwa na machozi. Nilikuwa nimechoka tu, nimechoka mpaka sikuwa na pa kuiweka hofu. Nikasema, "Meja, mtaro uliishia nyuma ya kitanda cha mzazi. Ule mtaro ni asilimia ngapi?"

Kanali akasimama, akatoka bila kufunga kikao. Tukabaki tunatazamana, hatujui kama tuondoke.

Nimemwambia mama huenda nikaacha kazi. "Umemaliza?" kauliza. Safari hii nilimwacha ukumbini nikaenda kulala.

Jumanne, 23 Aprili

Kanali kaniita. Mezani kwake kulikuwa na pendekezo langu lile la ukurasa mmoja. Sikujua kuwa alibaki na nakala.

"Nilipokuwa luteni," kaanza, "tulikuwa tukijenga nyumba za askari. Nikaona kazi inakwenda ovyo, nikasema tusimame kidogo tujipange. Mradi ukapelekwa kambi nyingine. Askari wangu walilala kwenye mahema miaka, na watoto wao. Tangu siku ile kila kitu nilikianzisha na sikukisimamisha. Nilijiona nawalinda."

Nilikuwa nimekwisha kumpa jina la muoga moyoni, na sasa lile jina halikumtosha.

"Ungekuwa wewe, leo ungefanya nini?" akaniuliza.

"Ningeliezua bwalo, afande."

"Mabati yameshatobolewa misumari."

"Tutaziba."

Akachukua kalamu. Akaandika juu ya pendekezo, kwa mwandiko mkubwa: Simamisha. Akapiga mstari chini yake. Halafu akasema, kama anayejisemea, "Watakuja kuuliza."

Alhamisi, 25 Aprili

Wameliezua bwalo leo. Mvua ya rasharasha. Kila bati lililoshuka, askari wawili wakalibeba kichwani mpaka zahanati mpya, wakapanga foleni kama siafu. Baadhi ya maofisa wamesimama kwa mbali, mikono nyuma, nyuso zimekunjamana. Meja Zahran hakuonekana. Mazulia yalikunjwa, mapazia yakatolewa, na mvua ikaanza kuingia mle tulimokula kaimati.

Kanali alisimama pale tangu mwanzo mpaka mwisho bila mwavuli.

Koplo Borafya alikuwa na ruhusa ya msiba, lakini alikuja. Nikamwambia arudi nyumbani kwake.

"Nikae nyumbani nifanye nini, afande?" akasema. Akapanda juu. Aling'oa misumari aliyoipigilia mwenyewe.

Jumatatu, 29 Aprili

Paa la zahanati limekwisha. Nimeandika hivyo hivyo kwenye taarifa: limekwisha. Mafundi wote wako mtaroni. Hakuna aliyewahamisha.

Jumatatu, 6 Mei

Wamekuja kuuliza. Yule yule mkubwa wa siku ya futari. Kasimama katikati ya bwalo, kaangalia mbingu.

"Nani ameezua jengo hili?"

Nilipiga hatua mbele. Pendekezo lilikuwa langu. Kanali hakunipa nafasi.

"Mimi, afande."

"Kwa sababu gani?"

"Mgonjwa hakuwa na paa, na mimi nilikuwa na paa la kulia chakula."

Mkubwa hakwenda kuitazama zahanati. Gari zao zikaondoka kabla chai haijamiminwa.

Jumatatu, 13 Mei

Tumesimama mtaroni, tope mpaka vifundoni. Zamu ya Meja Zahran ikafika. Tangu siku ile ya kikao hanisalimii ila kwa lazima. Akafungua taarifa yake, akaifunga.

"Mtaro haujafika nusu," akasema. "Mbele kuna jiwe, vifaa vyetu haviliwezi. Na pale ulipoachwa, ni mimi niliyesema uachwe. Nilitaka mafundi waende bwaloni."

Nilitegemea ngurumo. Kanali akamuuliza tu, "Unahitaji nini?"

Meja alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. Kisha akataja anachohitaji. Nikamwona amezeeka, nikamwonea huruma, na sikupenda kumwonea huruma.

Jumatatu, 20 Mei

Kanali Wakil katuaga. Kustaafu kwake kumewahishwa. Hakuna aliyesema kwa nini. Mkuu mpya kafika mchana. Swali lake la kwanza kwangu: "Bwalo litaezekwa lini?"

Nikamwambia baada ya mtaro. Akaandika mahali.

Jumatano, 22 Mei

Mvua zinapungua. Nimelala nyumbani siku nzima na homa. Mama kanikanda mgongo, hakuuliza kitu.

Jumatatu, 27 Mei

Zahanati mpya imefunguliwa leo, bila sherehe. Sajenti Mwanakheri kapanga dawa kwenye rafu za chini na za juu, kila mahali. Watu wa vijiji vya jirani nao wamekuja. Kwenye mabati unaona madoa ya lami tulipozibia matundu.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini nikisubiri kumwona Mwanakheri kuhusu maji ya bomba, akaingia Wanu. Katoka arobaini, amekuja kupimwa. Amepungua, uso umebaki macho. Nikampisha, akakaa karibu yangu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unaendeleaje, Wanu?"

"Alhamdulillahi."

Akatazama dari, kuta, akapitisha kiganja kwenye rangi mpya.

"Nyumba hii ilikuwa imalizwe lini?" akauliza.

Nilikuwa na majibu mengi. Nimesikia mengi msimu huu, najua yanavyosemwa.

"Kabla ya mvua," nikamwambia.

"Na paa lake?"

"Lilikuja kabla ya mvua kubwa. Likawekwa bwaloni. Lile ulilojifungulia chini yake ndilo hili."

Hakulia. Alifikiri kwanza.

"Borafya anajua?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyeezeka kote kuwili. Aliamriwa."

"Hakuniambia," akasema.

Nje askari wa mtaroni walikuwa wakipokezana kugonga jiwe. Wanu alisikiliza, mikono juu ya mkoba wake mdogo, na mimi sikumwambia pole, kwa sababu niliona pole yangu angelazimika kuijibu.

Mwanakheri akatoka mlangoni. "Wanu!"

"Naam."

Akainuka taratibu. Akanipa mkoba nimshikie, akaingia ndani. Nimekaa nao mapajani mpaka alipotoka.